Santuri Iliyokwenda Mbio: Albamu ya Cold Spring Harbor na Piano ya Billy Joel

Katika historia ya muziki wa Marekani wa miaka ya 1970, albamu ya kwanza ya Billy Joel, iliyotolewa Novemba 1971 kwa jina la Cold Spring Harbor, ina nafasi ya pekee, kwa kuwa wanunuzi wa wakati wake hawakuijali, mwimbaji mwenyewe hakutaka kuisikia, na hata hivyo nyimbo zake mbili zilikuja kusikilizwa nchi nzima miaka kumi baadaye. Kilichoifanya ichukiwe hakikuwa utunzi wala uimbaji, bali kosa la kiufundi lililotendeka baada ya wanamuziki kumaliza kazi yao, likaifanya santuri nzima iende kasi kuliko ilivyopigwa. Anayetaka kuithamini albamu hiyo kwa haki hana budi kutenganisha vitu viwili ambavyo mazoea ya kusikiliza huvichanganya, yaani wimbo kama ulivyotungwa na santuri kama ilivyochapwa, kwa sababu hapa kimoja kiliharibika na kingine kikasalia kizima.

Piano, ala ambayo albamu hiyo imejengwa juu yake, ilibuniwa mjini Florence, Italia, na Bartolomeo Cristofori karibu na mwaka 1700, na kilichoitofautisha na ala za vibonye zilizoitangulia, kama vile kinubi cha vibonye kinachokwanyua nyuzi, ni nyundo ndogo zilizomo ndani yake, ambazo hupiga nyuzi kwa nguvu au kwa upole kulingana na uzito wa kidole cha mpigaji. Piano ya kisasa ina vibonye 88, na juu ya vibonye hivyo mkono wa kushoto unaweza kushika kazi ya besi huku wa kulia ukibeba sauti ya wimbo na vidole vilivyobaki vikijaza katikati, upana ambao gitaa la nyuzi sita haliufikii. Muziki wa roki ulipozaliwa katika miaka ya 1950, Fats Domino wa New Orleans, Little Richard wa Georgia na Jerry Lee Lewis wa Louisiana waliuongoza wakiwa kwenye piano. Jukwaani, hata hivyo, piano ilikuwa na udhaifu mkubwa: haikubebeka, mpigaji alilazimika kutumia ile aliyoikuta ukumbini hata kama nyuzi zake zimelegea, na maikrofoni iliyowekwa kuikuza ilinasa pia kishindo cha dramu zilizo jirani, ilhali gitaa la umeme lilichomekwa tu kwenye amplifaya na kusikika hadi ukuta wa nyuma. Kisha, tarehe 9 Februari 1964, Beatles walipotokea kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kuwa milioni 73, vijana wa Marekani walikimbilia magitaa, na kwa miaka kadhaa piano ikawa ala ya kusindikiza.

Kurudi kwake mbele kulianza taratibu mwishoni mwa muongo huo, na kulitokana zaidi na watunzi kuliko wapigaji hodari. Randy Newman alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1968, Laura Nyro akawa ameonyesha kwamba mwimbaji mmoja na piano yake wanaweza kuijaza santuri nzima, na mwaka 1970 Simon na Garfunkel walipata mafanikio makubwa mno kwa wimbo Bridge Over Troubled Water, ambao sehemu kubwa yake husimama juu ya piano ya Larry Knechtel. Mwaka huohuo Elton John aliwasili kutoka Uingereza na kuwashtua watu wa Los Angeles katika klabu ya Troubadour, na Februari 1971 Carole King, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwatungia wengine, alitoa Tapestry, albamu iliyokaa kileleni mwa orodha ya mauzo kwa wiki 15. Kilichokuwa kikizaliwa ndicho kinachoitwa poproki ya piano, yaani muziki unaochukua mdundo wa roki na kuufunga ndani ya nyimbo fupi zenye kiitikio kinachoshikika upesi, lakini unaotungwa na kupangwa kwa fikra za mtu aliyezoea vibonye badala ya nyuzi. Billy Joel aliingia katika mkondo huo akiwa na umri wa miaka 22, na alikuwa ametayarishwa vyema kwa ajili yake.

Alizaliwa Bronx, New York, tarehe 9 Mei 1949, akalelewa Hicksville katika kisiwa cha Long Island, ndani ya mojawapo ya nyumba zilizofanana zilizojengwa na kampuni ya Levitt kwa ajili ya familia za askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Baba yake, Howard Joel, alizaliwa Nuremberg katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na biashara kubwa ya nguo, ambayo ililazimika kuiuza chini ya shinikizo la utawala wa Hitler na kukimbia Ujerumani. Alikuwa pia mpiga piano wa muziki wa kale wa Ulaya, naye baada ya ndoa yake kuvunjika alirudi Ulaya na kuishi Vienna. Mama ndiye aliyesimamia masomo ya piano ya mtoto, katika nyumba isiyokuwa na fedha za ziada, na kwa hiyo vidole vya Joel vilijua Beethoven na Chopin kabla ya kujua roki. Beatles walipofika alikuwa na umri wa miaka 14, akajiunga na bendi ya vijana, na kufikia mwaka 1967 kazi za usiku zilikuwa zimemkosesha vipindi vingi vya shule kiasi kwamba alimaliza bila ya kupata cheti, cheti ambacho shule hiyo ilikuja kumpa mwaka 1992.

Kabla ya Cold Spring Harbor alikuwa amekwisha kurekodi albamu mbili na kundi la Hassles, na nyingine moja, mwaka 1970, pamoja na mpiga dramu Jon Small chini ya jina la Attila. Hiyo ya mwisho inafaa kutajwa, kwa kuwa ndiyo inayoeleza utulivu wa ile iliyofuata: Joel alikichomeka kinanda chake cha ogani kwenye amplifaya kubwa zilizokusudiwa kwa magitaa, akajaribu kuwashinda wapiga gitaa kwa kelele zao wenyewe, na matokeo yakawa mshindo mzito ambao wasikilizaji waliukimbia na ambao yeye mwenyewe hakuutetea baadaye. Attila ilipovunjika, maisha yake binafsi nayo yakatikisika, akapita kipindi cha kukata tamaa kilichomfikisha hospitalini, na alipotoka alikuwa na azma tofauti kabisa, nayo ni kuacha ndoto ya kuwa nyota wa roki na kuwa mtunzi wa nyimbo ambazo wengine wangeziimba. Alishauriwa kwamba njia nyepesi ya kuzitangaza nyimbo hizo ni kuzirekodi yeye mwenyewe, na ushauri huo ndio asili ya albamu. Jambo hili lieleweke vyema, maana linaeleza kwa nini nyimbo kumi za Cold Spring Harbor zimeandikwa kwa usafi wa mtu anayetaka kila sehemu ya wimbo ionekane, kuliko kwa tamaa ya mwimbaji anayetaka kuonekana mwenyewe.

Kanda za majaribio zilimfikia Michael Lang, mmoja wa waandaaji wa tamasha la Woodstock la mwaka 1969, ambaye alizipitisha kwa Artie Ripp, mtayarishaji mzoefu aliyekuwa akianzisha kampuni yake ya Family Productions. Joel alitia saini mkataba ambao, kama vijana wengi wa enzi hiyo, hakuuelewa kwa kina, na ndani yake alitoa haki za utunzi wake pamoja na sehemu ya mrabaha, yaani malipo ambayo msanii hupata kwa kila nakala inayouzwa, si kwa albamu hiyo tu bali pia kwa zitakazofuata. Kazi ya studio ilifanyika Los Angeles, Ripp mwenyewe akiwa mtayarishaji, na miongoni mwa walioitwa kusaidia alikuwamo yuleyule Larry Knechtel wa Bridge Over Troubled Water, safari hii akipiga gitaa la besi, pamoja na Sneaky Pete Kleinow, bingwa wa gitaa la chuma la kuteleza linalotumika katika muziki wa kantri. Baadhi ya nyimbo zilivikwa vinanda vya nyuzi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, kwa wingi uliozidi mahitaji yake.

Hapo ndipo kosa lilipotokea. Katika enzi ya utepe wa sumaku, sauti iliandikwa kwenye utepe uliopita mbele ya kichwa cha mashine kwa kasi maalumu, kisha ikahamishwa hadi kwenye sahani ya kwanza ambayo kutokana nayo nakala zote huchapwa, na ilikuwa lazima kasi ya kuandikia na ya kusomea ziwe moja. Kasi na kimo cha sauti katika utepe haviachani: mashine ikisoma kwa haraka zaidi kwa asilimia 6 hivi, kila noti hupanda kwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya kibonye kimoja cha piano na kinachokifuata, na wimbo wa dakika tatu hupoteza sekunde kumi. Ndicho kilichoipata Cold Spring Harbor, iliyofika madukani ikiwa imepanda kwa takriban kiasi hicho. Kwa masikio yasiyozoea, nusu toni si kitu, kwani mwimbaji yeyote huweza kuamua kuimba wimbo wake nusu toni juu. Lakini mwimbaji anapopandisha sauti mwenyewe, koo na kifua chake hubaki vya ukubwa uleule, ilhali mashine inapompandisha hubadilisha pia mwangwi wa mwili wake, hivyo sauti husikika kama imetoka kwa mtu mwenye umbo dogo kuliko lake, konsonanti zake zikakatika upesi na mtetemo wake ukawa wa wasiwasi. Joel katika mahojiano ameifananisha sauti yake kwenye santuri hiyo na ya wale wanyama wa katuni waitwao Chipmunks, na ulinganisho huo ni sahihi hata kiufundi, kwa kuwa sauti zao nazo zilitengenezwa kwa kuharakisha utepe.

Madhara kwa piano yametajwa kwa nadra, ingawa kwa albamu ya aina hii ni makubwa vilevile. Noti ya piano ina sehemu mbili, pigo la nyundo linalosikika kwa kitambo kifupi sana na mvumo wa uzi unaofifia kwa sekunde kadhaa, na uzuri wa mpigaji umo katika namna anavyoitumia ile sehemu ya pili kufunga noti moja na nyingine. Santuri ikienda mbio mvumo huo hufupishwa, nyundo husikika ngumu na nyembamba, na piano kubwa hugeuka kuwa kama piano ndogo ya sebuleni. Katika nyimbo za haraka msikilizaji huweza kuvumilia. Katika zile za polepole, ambazo uhai wake wote umo katika mvumo, hasara ni ya wazi.

Na bado, ukiusikiliza utunzi wenyewe, ni vigumu kuamini kwamba ni kazi ya kijana aliyekuwa bado hajulikani. She's Got a Way, wimbo unaoifungua albamu, umejengwa juu ya akordi za polepole, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na Joel hafanyi chochote kuipamba piano hapo: anaiacha ishike pumzi ya mwimbaji, akisubiri mwisho wa kila mstari ndipo aijibu kwa noti chache. Ni wimbo wa mapenzi usio na lalama wala kiapo, unaokiri tu kwamba mwimbaji hajui kinachomvuta, na unyofu huo ndio ulioufanya usizeeke. Everybody Loves You Now ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa humo mikono miwili inapokezana kwa kasi juu ya vibonye kama wapiga ngoma wawili juu ya ngoma moja, piano ikibeba mdundo ambao katika kundi lingine lolote ungeachiwa gitaa, huku maneno yakimkabili mtu aliyepata umaarufu na kuwasahau wenzake. Humo ndimo linamotajwa jina la Cold Spring Harbor, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Long Island kilichokuwa bandari ya wavuvi wa nyangumi katika karne ya 19, ambacho kwenye wimbo huu kinasimamia maisha ya nyuma ambayo mtu huyo hana tena nafasi ya kuyatembelea.

Nyimbo nyingine hazilingani kwa ubora, na hakuna haja ya kudai kwamba zinalingana. Why Judy Why inawafuata Beatles kwa karibu mno, na Falling of the Rain, ijapokuwa vidole vinavyokwenda mbio vinaichora mvua kwa ustadi, ina hadithi ya kitoto isiyobeba uzito wa muziki wake. Turn Around inajaribu kantri na gitaa la chuma la Kleinow, bila ya kuamua kama inataka kukaa huko. Tomorrow Is Today, kwa upande mwingine, ni wimbo mkubwa uliotokana na kile kipindi cha kukata tamaa, nao unaanza kwa sauti ya mtu asiyeiona kesho yake kuwa tofauti na leo, kisha katikati piano inapanda kwa akordi nzito za nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi, ikafanya kazi ambayo maneno yameshindwa kuifanya. Santuri inafungwa na Got to Begin Again, ambao hauahidi furaha bali unakubali tu kuanza upya, na mpangilio huo wa nyimbo unaonyesha kwamba Joel aliifikiria albamu kama kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho.

Santuri haikuuzwa, na baada ya muda mfupi Joel, akitaka kutoka katika mkataba wake, alihamia Los Angeles na kujificha nyuma ya majina yake mawili ya kwanza, akipiga piano katika baa iitwayo Executive Room kama Bill Martin. Wakati huohuo jambo moja lilitokea upande wa pili wa nchi: tarehe 15 Aprili 1972 alikuwa amefanya onyesho katika studio za Sigma Sound mjini Philadelphia lililorushwa na redio ya WMMR, na wimbo mmoja ambao haukuwa kwenye santuri yoyote, Captain Jack, uliombwa na wasikilizaji tena na tena hadi sifa zake zikafika kwa kampuni ya Columbia. Columbia ilimchukua kwa makubaliano yaliyomwachia Ripp mgao wake, na kwa miaka mingi jina la Family Productions liliendelea kuchapwa kwenye albamu za mtu ambaye kampuni hiyo ilimwangusha katika ile ya kwanza. Piano Man ya mwaka 1973, iliyozaliwa katika baa ile, ilimjulisha kwa umma, na Walter Yetnikoff, aliyekuwa mkuu wa CBS Records, kampuni iliyomiliki Columbia, baadaye alisaidia haki za utunzi zimrudie mwenyewe.

Uthibitisho kwamba nyimbo zilikuwa nzima ulikuja mwaka 1981 katika Songs in the Attic, albamu ya maonyesho ya jukwaani ambayo Joel, akiwa sasa nyota, aliitumia kuzipa nyimbo zake za awali nafasi ya pili mbele ya bendi iliyozizoea. Mbili zilitoka Cold Spring Harbor: She's Got a Way, iliyorekodiwa katika ukumbi mdogo wa Paradise mjini Boston, na Everybody Loves You Now, iliyorekodiwa katika klabu ya Bayou mjini Washington. Hapo kwa mara ya kwanza hadhira kubwa ilizisikia katika kimo chake halisi, sauti ikiwa ya mtu mzima na piano ikiwa na mvumo wake wote, na She's Got a Way ilipotolewa peke yake ilifika nafasi ya 23 katika orodha ya Marekani mwanzoni mwa 1982, miaka kumi na zaidi tangu iandikwe.

Mafanikio hayo yaliifanya Columbia iitoe tena albamu yenyewe mwaka 1983, kasi ikiwa imerekebishwa, lakini marekebisho hayakuishia hapo wala Joel hakushiriki. Baadhi ya vinanda vya nyuzi viliondolewa, dramu na besi mpya zikapigwa juu ya rekodi za zamani, na You Can Make Me Free, ambao mwishoni mwake wapigaji walijiachia kwa muda mrefu, ukakatwa karibu nusu nzima. Kuondolewa kwa nyuzi kulikuwa faida, kwa kuwa piano ilipata nafasi ya kupumua. Kukatwa kwa wimbo kulikuwa hasara isiyo na sababu ya kimuziki, maana ni hapo tu katika albamu nzima ambapo Joel na wenzake wanasikika wakicheza bila ya kulindwa na mpangilio. Kwa hiyo wasikilizaji wengi wanaosema wanaijua Cold Spring Harbor wanaijua ile ya 1983, ambayo ina kasi sahihi na mikono ya watu ambao hawakuwapo mwaka 1971, na anayetaka kuandika juu yake inampasa aseme ni ipi anayoizungumzia.

Kipande kimoja katika albamu hiyo hakina maneno kabisa, nacho ndicho kinachosema zaidi kuhusu mtunzi wake. Nocturne, kinachokuja kabla ya wimbo wa mwisho, kimechukua jina la aina ya muziki mfupi wa piano wenye hali ya usiku, aina iliyoanzishwa na John Field wa Ireland na kukuzwa na Chopin wa Poland, ambapo mkono wa kushoto hutandaza akordi zilizovunjwavunjwa na wa kulia huimba juu yake. Kampuni iliyotafuta wimbo wa redio haikuwa na sababu yoyote ya kukitaka, na watungaji wengine wa poproki wa mwaka 1971 wangekiacha studio, lakini Joel alikiweka, na mstari wake haukukatika: alipoacha kutunga nyimbo za maneno baada ya River of Dreams ya mwaka 1993, alirudi kwenye piano isiyo na mwimbaji, na mwaka 2001 akatoa Fantasies & Delusions, albamu nzima ya vipande vya aina hiyo, akimpa mpiga piano Richard Joo kazi ya kuvipiga.